Jinsi mfugaji wa Marsabit anavyoweza kupata malipo ya serikali wakati wa ukame

Wafugaji wengi wa Marsabit huanza kutafuta msaada wa serikali siku ile ng'ombe wanapoanza kuanguka, na kufikia siku hiyo sehemu kubwa ya maamuzi kuhusu nani atalipwa huwa imekwisha kufanywa. Malipo ya ukame nchini Kenya hayafuati idadi ya mizoga iliyo nyuma ya boma. Yanafuata orodha ya kaya iliyoandikwa miezi au hata miaka kabla, kipimo cha setilaiti kinachosoma ukijani wa malisho, na mkataba wa bima uliolipiwa kabla mvua haijakosekana. Mwongozo huu umeandikwa kwa mfugaji wa Laisamis, North Horr, Saku au Moyale, na pia kwa kijana wa familia aliyesoma ambaye ndiye hutumwa mjini kufuatilia karatasi, ili ajue la kufanya kabla ya kiangazi, kiangazi kinapokaza, na baada ya mvua kurudi.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2.5. Katika ukame wa namna hiyo kaya mbili zenye idadi sawa ya mbuzi na ngamia, zinazonywesha katika kisima kimoja, zinaweza kutoka na hali tofauti kabisa kwa sababu tu moja ilikuwa imesajiliwa na nyingine ilikuwa malishoni siku waandikishaji walipopita.

Hatua ya kwanza: tambua ni mlango upi unaolipa nini

Kosa la kwanza linalowapotezea watu muda ni kudhani kwamba kuna ofisi moja ya fidia ya mifugo. Hakuna. Ipo milango kadhaa, kila mmoja na masharti yake, na ukibisha mlango usio wako utazungushwa bila yeyote kukukosea.

Mlango wa kwanza ni Mpango wa Kinga dhidi ya Njaa, unaojulikana kwa herufi HSNP, ambao unaendeshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, yaani NDMA. Mpango huu ulianzia katika kaunti nne za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kisha ukapanuliwa. Hutoa fedha taslimu kwa kaya maskini, na una sehemu mbili: kaya zinazolipwa mwaka mzima, na kaya zinazolipwa pale tu ukame unapozidi. Mlango wa pili ni bima ya mifugo, ambayo serikali huchangia ada yake. Wa tatu ni ununuzi wa mifugo iliyodhoofika, ambao hutangazwa ukame ukishakuwa mkubwa, na ambao katika ukame wa 2017 na wa 2021 hadi 2022 ulitekelezwa kwa kuitumia Tume ya Nyama ya Kenya. Wa nne ni msaada wa serikali ya kaunti yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake, lakini msaada huo mara nyingi humfikia mfugaji kama maji ya lori, nyasi kavu, dawa au chakula, wala si fedha mkononi.

Mifugo iliyouawa na simba, chui au fisi haimo katika milango hii yote. Hiyo hushughulikiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na dai lake hupelekwa katika ofisi ya karibu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kisha hujadiliwa na kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Usiyachanganye madai hayo na ya ukame katika barua moja. Ng'ombe aliyedhoofishwa na njaa kisha akaliwa na fisi usiku aandikwe kama aliyeuawa na fisi, na alama za meno zipigwe picha kabla ya mbwa na ndege kufika.

Hatua ya pili: sawazisha majina

Malipo hupita katika kitambulisho cha taifa, akaunti na laini ya simu, na mfumo wa malipo haumjui mtu bali herufi za jina lake na nambari yake. Jina lililoandikwa Galgalo kwenye kitambulisho na Galgallo kwenye usajili wa laini linatosha kuyazuia malipo ya kaya nzima, na aghalabu hakuna atakayekupigia simu kukueleza kwamba yamezuiliwa. Basi chukua kitambulisho, kadi ya benki na usajili wa laini ya simu, uviweke mezani pamoja, uyalinganishe majina yote matatu herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wake. Kuna wazee ambao jina la baba limetangulia kwenye karatasi moja na likafuata kwenye nyingine. Marekebisho ya jina yafanyike msimu wa mvua, wakati foleni ni fupi na barabara ya kwenda mjini inapitika kwa gharama ya kawaida.

Asiye na kitambulisho aanze hapo kabla ya jambo jingine lolote. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walipitishwa katika uhakiki wa ziada ambao wenzao wa kaunti nyingine hawakuujua, na uhakiki huo uliwanyima wengi kitambulisho, na pamoja nacho akaunti, laini na kila msaada wa fedha. Mapema mwaka 2025 Rais alitangaza kuufuta. Kijana aliyekata tamaa wakati wa uhakiki huo arudi akaombe upya, na aende na nakala ya cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu wa eneo lake.

Kama mume yuko fora, yaani kambi ya malisho ya mbali, na ngamia kwa muda mrefu, ni busara anayetajwa kuwa mpokeaji wa kaya awe ni mke au mtu mzima mwingine anayebaki nyumbani, kwa kuwa ndiye atakayekuwa karibu na wakala wa benki siku fedha zikiingia. Jambo hili lizungumzwe na kukubaliwa ndani ya familia kabla ya mwandikishaji kufika. Likiamuliwa mbele ya mgeni, kwa haraka, huzaa ugomvi usiokwisha.

Hatua ya tatu: hakikisha kaya yako imeandikwa

Hapa ndipo mahali pa kukaza nia kuliko pengine pote. Wakati wa awamu ya pili ya HSNP, serikali iliziandikisha kaya za kaunti zile nne karibu zote, ikazipanga kwa kiwango cha umaskini, kisha ikachagua takriban kaya 100,000 za malipo ya kila mara na kuziacha nyingine zikisubiri malipo ya dharura. Maana yake ni kwamba mtu asiyekuwamo katika orodha hakuweza kulipwa hata ukame ungekuwa mkali namna gani. Orodha huhuishwa mara kwa mara kwa zoezi la usajili la nyumba kwa nyumba, na taarifa zake huingia katika rejista ya pamoja ya kaya zinazolengwa na misaada ya serikali.

Zoezi likitangazwa, hudhuria baraza la chifu wewe mwenyewe au umtume mtu anayeweza kusoma. Uliza mambo matatu: waandikishaji watafika kijijini siku gani, kaya zilizohama na mifugo zitaandikwa wapi, na orodha ya mwisho itasomwa hadharani lini. Swali la pili ndilo linalosahaulika. Mtu wa Kargi ambaye mifugo yake iko upande wa Chalbi aandikwe Kargi, mahali watoto na wazee wanapokaa, na wala asijaribu kuandikwa kote kuwili, kwa sababu mfumo ukiona nambari moja ya kitambulisho mara mbili unaweza kuzisimamisha zote.

Maswali utakayoulizwa ni ya kaya: idadi ya watu, umri wao, aina ya nyumba, chanzo cha maji, mifugo, kama yupo mlemavu au mgonjwa wa muda mrefu, na kama kaya inapokea msaada mwingine. Jibu kwa ukweli. Wapo wanaoficha mifugo kwa kudhani watapendelewa, na wapo wazee wanaoongeza idadi kwa sababu kwa desturi ni aibu mtu mzima kujitangaza hana kitu. Wote wawili hujiumiza. Anayeficha hugunduliwa orodha inaposomwa mbele ya majirani, na anayeongeza huonekana tajiri kwenye karatasi wakati watoto wake wanalala njaa. Mzee wa namna hiyo aketi na mtoto wake mkubwa wakati wa kuhojiwa, na mtoto aseme hesabu halisi kwa adabu.

Usajili ni bure. Anayeomba shilingi mia mbili za kalamu, za mafuta ya pikipiki au za kulisukuma jina lako, awe ni mwandikishaji, mzee wa kijiji au mtu wa pembeni, anaiba, na kumlipa hakuongezi nafasi yako kwa sababu mpangilio wa kaya hufanywa na mfumo kutokana na majibu. Kabla mwandikishaji hajaondoka, mwombe akusomee jina na nambari aliyoingiza, uandike tarehe na jina lake, na uhifadhi nambari yoyote ya usajili atakayokupa. Kuna siku utaihitaji.

Ikiwa taarifa za kaya yako ziliingizwa vibaya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba zisahihishwe. Andika ombi fupi lenye jina, nambari ya kitambulisho, kijiji, na kosa lililopo, ulipeleke katika ofisi ya NDMA mjini Marsabit au kwa afisa wa mpango aliye karibu nawe.

Hatua ya nne: soma kipimo kabla hakijakusoma wewe

NDMA hutoa taarifa ya hali ya ukame kila mwezi kwa kila kaunti kati ya kaunti 23 za maeneo kame. Ndani yake kuna kipimo cha hali ya uoto kinachojulikana kwa herufi VCI, ambacho hutokana na picha za setilaiti na hulinganisha malisho ya sasa na ya miaka iliyopita mahali hapohapo. Kikiwa kati ya 35 na 50 hali ni ya kawaida. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame wa kupindukia. Kinachosomwa ni wastani wa miezi mitatu, wala si wiki moja ya jua kali, ndiyo maana inawezekana ukaona ardhi imekauka kabisa huku kipimo kikichelewa kushuka.

Malipo ya dharura ya HSNP yaliunganishwa na kipimo hicho katika ngazi ya kaunti ndogo. Yalipangwa hivi: ukame mkali ukifika, malipo yafikie takriban robo ya kaya za kaunti ndogo husika, na ukame wa kupindukia ukifika, yafikie takriban nusu. Kwa mujibu wa mpango huo kaya za kila mara zilipokea shilingi 5,400 kwa kila miezi miwili, na kaya za dharura zilipokea 2,700, yaani sawa na mwezi mmoja, kwa mwezi ambao hali iliwastahilisha. Viwango na bajeti huweza kubadilishwa, hivyo uliza kiwango cha sasa kabla ya kuzihesabia fedha ambazo hujaziona.

Kutoka katika mpangilio huu unaweza kuelewa malalamiko mengi yanayogawanya vijiji. Mtu wa Laisamis anaweza kulipwa na wa Saku asilipwe, kwa kuwa mlima Marsabit wenye msitu na ukungu hubaki na ukijani hata pale tambarare za chini zimekauka. Vilevile majirani wawili wa kaunti ndogo moja wanaweza kutofautiana, kwa kuwa robo iliyoitwa ilimchukua mmoja na kumwacha mwingine aliye mbele kidogo kwa hali. Wala chifu hana kalamu ya kubadilisha hilo. Ukimgombeza chifu kwa jambo ambalo limeamuliwa na kipimo unapoteza mtu ambaye utamhitaji kwa barua na ushahidi baadaye.

Taarifa ya mwezi huandikwa kwa Kiingereza na hupatikana bure kwenye tovuti ya NDMA. Kila kijiji kinapaswa kuwa na kijana mmoja wa kuipakua, kuitafuta kaunti yake ndogo kwenye jedwali la VCI, na kuitangaza namba hiyo kisimani, msikitini, kanisani au redioni, kwa lugha ya watu wa hapo. Ikishuka chini ya 20 kwa mara ya kwanza, kila mwenye akaunti aihakikishe kwamba inafanya kazi, kwa kuwa akaunti iliyolala muda mrefu huweza kufungwa, na fedha zikikosa pa kuingia hurudi.

Hatua ya tano: pokea fedha bila kukatwa

Siku ya malipo huja na msongamano, na msongamano ndio rafiki wa mwizi. Nambari ya siri isijulikane na wakala, mwenye duka wala jirani mwema anayejitolea kusaidia. Kadi isiachwe dukani kama rehani ya unga na sukari. Mtindo wa kuacha kadi ni wa kale na unaeleweka, kwa sababu mwenye duka ndiye anayekopesha wakati hakuna mwingine, lakini unamfanya yeye kuwa mpokeaji na wewe kuwa msubiri. Kama una deni, chukua fedha kwanza, kisha ulipe kwa mkono wako na uandikiwe kwenye daftari.

Muulize wakala ada ya kutoa fedha kabla hujaitoa kadi, na umwombe risiti hata kama huwezi kuisoma, kwa sababu kuna anayeweza. Ukiambiwa kwamba mfumo umekataa, usiondoke hivyo hivyo. Omba risiti ya kukataliwa, kisha uangalie salio kwa wakala mwingine au kwenye tawi la benki. Wapo wapokeaji, hasa wazee, walioambiwa fedha hazijaingia na kumbe zilitolewa dakika chache baada ya wao kugeuka. Mzee aende na mjukuu, na mjukuu aangalie skrini.

Hatua ya sita: nunua bima wakati bado kuna majani

Marsabit ndipo bima ya mifugo ya kutumia setilaiti ilipoanza nchini Kenya, mwezi Januari 2010, kwa kazi ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake, na malipo yake ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011. Mkataba ule wa mwanzo ulilipa kwa kukadiria vifo vya mifugo. Baadaye muundo ulibadilishwa ili ulipe mapema zaidi, malisho yanaposhuka kupita kiwango, mfugaji apate fedha za nyasi, maji na dawa wakati mnyama bado amesimama. Mabadiliko hayo ndiyo yenye faida kubwa kwa mfugaji, na ni vizuri ayafahamu, kwa sababu anayezipokea fedha za bima na kuzihifadhi akingoja mifugo ife ndipo anunue mingine anazitumia kinyume cha zilivyokusudiwa.

Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianzisha mpango wake wa bima, uliojulikana kama KLIP, ukaanza Turkana na Wajir na kuenea hadi kaunti nane, Marsabit ikiwamo. Serikali ililipa ada yote kwa vizio vitano vya mifugo (kizio ni kipimo cha kuhesabia mifugo, sawa na ng'ombe mmoja) kwa kila kaya iliyochaguliwa, na thamani iliyokatiwa bima ilikuwa shilingi 14,000 kwa kizio, yaani 70,000 kwa kaya. Februari 2017 mpango huo ulilipa takriban shilingi milioni 215 kwa kaya zaidi ya 12,000. Tangu 2022 mradi wa DRIVE, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuhusisha pia Ethiopia, Somalia na Jibuti, umechukua njia tofauti: mfugaji huchangia sehemu ya ada na serikali huongezea. Kwa hiyo asiyekuwa na akiba kidogo ya kuchangia hawezi kungoja kuandikwa tu kama zamani.

Hesabu ya vizio ni nyepesi ukishaizoea. Katika bima ya Marsabit ng'ombe mmoja alihesabiwa kuwa kizio kimoja, ngamia kizio 1.4, na mbuzi au kondoo kumi kuwa kizio kimoja. Kaya yenye ngamia watatu, ng'ombe wawili na mbuzi thelathini ina vizio 9.2. Ikikata bima ya vizio vitano, sehemu inayobaki haina kinga yoyote, na familia ijue hivyo mapema.

Kabla ya kulipa, mwulize wakala wa bima eneo lako limeingizwa katika kizio gani cha ramani, msimu unaolindwa unaanza na kuisha lini, na malipo yatapitia akaunti gani. Mauzo hufungwa kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei na kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa sababu ambayo kila mfugaji anaielewa: hakuna anayekubali kukukatia bima wakati mawingu yamekwisha kupita.

Upungufu wake pia usemwe wazi. Setilaiti huona kijani, lakini haioni kama kijani hicho huliwa na mbuzi. Mahali ambapo magugu yasiyofaa au vichaka kama mathenge vimetanda, ardhi inaweza kuonekana ina uhai kutoka juu huku wanyama wakikonda chini. Tena kipimo ni cha eneo lote. Mifugo yako ikiuawa na maradhi, na baridi ya mvua iliyokuja ghafla juu ya wanyama waliokonda, au na uvamizi, bima hii haitalipa. Hilo halimaanishi kwamba umetapeliwa. Ametapeliwa yule ambaye hakuelezwa mambo hayo kabla hajatoa fedha zake, na anayo haki ya kulalamika kwa kampuni na kisha kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.

Hatua ya saba: uza kabla ya ununuzi wa dharura, na ukiuza ndani yake uwe na karatasi

Ununuzi wa serikali huja kwa kuchelewa, kwa nafasi chache kwa kila wadi, na huwapa nafasi wale walio karibu na barabara. Usiutegemee kama mpango wako wa kwanza. Taarifa ya NDMA ikionyesha kwamba hali imetoka awamu ya kawaida na kuingia ya tahadhari, uza madume na wanyama wazee sokoni wakiwa bado na nyama, ubaki na majike ya uzazi. Bei hiyo haitarudi hadi mvua inyeshe.

Ununuzi ukitangazwa, nenda kwa afisa wa mifugo wa wadi siku hiyo hiyo, uulize idadi iliyotengewa wadi, bei ya kila aina, kituo na tarehe, na nani huandika majina. Wanyama wahesabiwe mbele yako na uondoke na karatasi yenye idadi, aina, bei, tarehe na sahihi. Malipo ya serikali huweza kuchelewa, na bila karatasi hiyo utakuwa mtu anayedai kwa maneno tu. Kwa ununuzi wa kuchinja na kugawa nyama, kaya inayouza na kaya inayopewa nyama huandikwa katika orodha mbili tofauti. Hakikisha unajua umo katika ipi.

Hatua ya nane: weka kumbukumbu za vifo hata kama hakuna anayezilipia

Huenda ukajiuliza faida ya kuandika mizoga ikiwa malipo hayafuati mizoga. Faida ipo. Tathmini za mvua zinazofanywa na serikali na wadau wake mara mbili kwa mwaka hutumia taarifa za vijijini, mipango ya kurudishia mifugo baada ya ukame huhitaji kujua nani alipoteza nini, na ukilalamika kwamba kaya yako imeachwa, ushahidi wa hali yako ndio utakaokutetea. Daftari la shule linatosha: tarehe, aina, umri, jike au dume, alama ya masikio au chapa, mahali, na sababu unayodhani. Kila mwezi mpelekee afisa wa mifugo au naibu wa chifu alitie sahihi. Picha ya simu ipigwe ikionyesha chapa na kitu cha kutambulisha mahali, kama kisima au kibao cha shule.

Hatua ya tisa: lalamika kwa maandishi na kwa mpangilio

Anza na kamati ya haki au kamati ya malalamiko ya mpango katika eneo lako kama ipo, kisha ofisi ya NDMA ya kaunti. Malalamiko ya kukatwa fedha na wakala yaende kwa benki na nakala kwa NDMA. Ya rushwa yaende kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Ya kupuuzwa na ofisi ya umma yaende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo haitozi ada.

Lakini kabla ya kulalamika mara nyingi ni bora kuomba taarifa, kwa sababu lalamiko lisilo na taarifa hujibiwa kwa maneno ya jumla. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kuliwasilisha kwa mdomo, na afisa analazimika kumwandikia na kumpa nakala. Ombi lenyewe halitozwi ada. Ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza muda mara moja tu kwa siku zisizozidi 14. Barua inaweza kuwa fupi namna hii:

"Mimi, mwenye kitambulisho nambari hii, mkazi wa kijiji hiki, wadi hii, naomba kujulishwa: kama kaya yangu imo katika rejista ya HSNP, kama imo, iko katika kundi la malipo ya kila mara au ya dharura, kipimo cha VCI kilichotumiwa kwa kaunti yangu ndogo katika miezi hii mitatu, na kama malipo yoyote yametumwa kwa jina langu, tarehe, kiasi na akaunti yaliyotumwa."

Maswali hayo manne hayampi afisa nafasi ya kujibu kwamba "suala lako linashughulikiwa", kwa kuwa kila moja lina jibu la ndiyo, la hapana, la jina la kundi, au la namba. Ukikataliwa au ukinyamaziwa, unaweza, ndani ya siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi, kuiomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie. Andika nakala mbili, peleka mwenyewe au mtume mtu unayemwamini, na usiondoke dirishani hadi nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo.